Gesi Isiyoonekana na Kosa Langu la Mimbarini



Tafakari ya juma hili ni ndefu kuliko ilivyo desturi, nami naomba mnivumilie, kwa maana nina deni nanyi. Dominika mbili zilizopita, katika Misa ya pili, nilisema mimbarini jambo lisilo la kweli. Nilikuwa nikieleza habari ya Mtume Tomaso, nikasema kwamba wanasayansi wanaotucheka kwa kusadiki tusiyoyaona, wao nao huamini kuwa kuna gesi inayozizunguka galaksi, gesi ambayo hakuna jicho lililoiona wala mkono ulioigusa; basi imani yao na imani yetu ni ndugu. Maneno hayo yalipendeza. Wengi wenu mlitikisa vichwa mkikubali, na mzee mmoja wa jumuiya alinishika mkono mlangoni akanishukuru.

Nilipokuwa nikivua mavazi sakristiani, akaingia kijana mmoja wa parokia yetu anayesoma fizikia chuo kikuu, aliyekuwa nyumbani kwa likizo. Sitamtaja jina. Alinisalimu kwa adabu, akasubiri watumishi wa altare watoke, kisha akasema: "Baba, naomba radhi. Ile gesi hawaiamini. Wameipima."

Nilicheka, nikamjibu kama mtu aliyesoma falsafa: "Mwanangu, kupima kisichoonekana si ndiko kuamini kwenyewe?"

Yeye hakucheka. Alitazama chini, akasema: "Baba, nikisikia jambo ninalolijua likisemwa ndivyo sivyo altareni, nashindwa kujua nifanye nini na yale nisiyoyajua." Kisha akaniomba baraka, akaondoka.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikumbuka kwamba Mtakatifu Augustino, katika kitabu chake juu ya maana halisi ya Mwanzo, aliwaonya Wakristo wasizungumze ovyo kuhusu mbingu na nyota mbele ya watu wanaozijua, wasije wakayafanya Maandiko yachekwe. Onyo hilo nililisoma seminari kuu, nikaulizwa katika mtihani, nikapata alama nzuri. Miaka mingi baadaye nimelivunja mbele ya waamini mia kadhaa. Asubuhi nilimpigia kijana simu, nikamwomba anifundishe. Alikuja jioni tatu, tukakaa mezani katika nyumba ya mapadre na kompyuta yake. Haya ninayowaandikia ndiyo niliyoyapata pale. Palipo na kosa, kosa ni langu.

Tuanze na galaksi yenyewe. Ule ukanda mweupe tunaouona usiku usio na mbalamwezi, Njia Nyeupe, ndiyo galaksi yetu tukiitazama tukiwa ndani yake. Ni sahani ya nyota yenye upana wa miaka ya nuru ipatayo 100,000, na mwaka mmoja wa nuru ni mwendo ambao mwanga husafiri kwa mwaka mzima. Mimi nilidhani galaksi huishia pale nyota zinapoishia. Kumbe nyota ni kama nyumba zilizowashwa taa katikati ya shamba: ukipita usiku unaona nyumba, huoni shamba, wala hujui kwamba shamba ndilo kubwa.

Mtu wa kwanza kulieleza shamba hilo kwa hoja madhubuti alikuwa Mmarekani Lyman Spitzer, mwaka 1956. Mawingu ya gesi yalikuwa yameonekana mbali juu ya sahani ya galaksi yetu, mahali ambapo, kwa kawaida ya gesi, yalipaswa kutawanyika na kutoweka. Hayakutawanyika. Spitzer aliuliza: ni nini kinachoyabana yasitawanyike? Akajibu kwamba lazima yawe yamezungukwa na gesi nyingine, nyembamba mno na yenye joto kali mno, inayoyasukuma kutoka pande zote. Mwaka 1969 yeye na mwenzake John Bahcall wakaendelea mbele. Walisema kwamba kama kila galaksi ina joho kubwa la gesi namna hiyo, basi mwanga unaotoka mbali zaidi ukipenya katika joho hilo utapungukiwa na kitu, na upungufu huo utaweza kusomwa.

Hapa ndipo nilipomsimamisha kijana. Gesi hiyo ni nyembamba kiasi gani? Akaniambia kwamba katika sehemu zake za mbali, ndoo ya lita 20 ingeweza kuwa na chembe chache tu ndani yake. Hewa tunayovuta, katika kifuniko cha chupa ya soda tu, ina chembe zisizohesabika. Kitu chembamba hivyo hakiwezi kuonekana kwa kukitazama kwa macho. Sasa kitapimwaje?

Alinijibu kwa mfano wa kwaya yetu. Mwalimu wa kwaya huweza kusimama nje, chini ya mparachichi, milango ikiwa imefungwa, akasema: "Leo besi wawili hawakuja." Hakuwaona. Amesikia pengo katika wimbo anaoujua. Mwanga nao ni wimbo wa sauti nyingi. Ukipitishwa katika kioo cha kuutawanya, unajipanga rangi kwa rangi. Na kama njiani umepita katika gesi, rangi fulani zinakosekana, na mahali pake pana mistari myeusi. Joseph Fraunhofer aliichora mistari hiyo katika mwanga wa jua tangu miaka ya 1810. Mwaka 1859 Kirchhoff na Bunsen walitambua kwamba kila elementi hula rangi zake yenyewe wala haikosei: haidrojeni ina zake, oksijeni ina zake, kaboni ina zake. Na huko Roma, katika miaka ya 1860, Padre Angelo Secchi wa Shirika la Yesu alizipanga nyota za angani katika makundi kwa kuzisoma mistari hiyo, nyota maelfu, moja baada ya nyingine. Nilipolisikia jina lake niliona aibu mara ya pili. Padre mwenzangu alipima, mimi nilipamba.

Basi, kwa gesi ya kandokando ya galaksi, taa inayotumika ni kwasa. Kwasa ni kiini cha galaksi ya mbali sana chenye shimo jeusi kubwa. Mata inayokaribia kumezwa na shimo hilo huwaka kwa mwanga mkali mno kabla ya kuzama. Wanaastronomia hutafuta kwasa ambayo mwanga wake, katika safari ya kuja kwetu, umepita karibu na galaksi nyingine iliyo njiani. Galaksi ile haizuii mwanga. Gesi yake tu ndiyo inayodokoa rangi kadhaa.

"Lakini mwanangu," nikauliza, "utajuaje kwamba gesi hiyo ni ya galaksi hiyo, wala si ya mahali pengine popote katika safari ndefu hivyo?" Aliponisikia nikiuliza hivyo alitabasamu kwa mara ya kwanza. Akasema kwamba ulimwengu unatanuka, na mwanga unaosafiri ndani yake hutanuka pamoja nao. Kwa hiyo mistari ya gesi iliyo mbali husogea kuelekea upande wa wekundu, kama wimbo ule ule ulioanzishwa kwa noti ya chini zaidi. Kiasi cha kushuka kwa noti kinaeleza umbali. Wanapima galaksi kwa njia yake, wanapima mistari kwa njia nyingine, na viwango viwili vikikubaliana, gesi imepata mwenyewe.

Tatizo lilikuwa moja. Mistari inayoeleza mengi zaidi, ule mkuu wa haidrojeni na ile ya oksijeni iliyopashwa joto, imo katika mwanga wa urujuanimno, ng'ambo ya rangi ya zambarau, ambao jicho la mtu halina uwezo nao. Na hewa ya dunia yetu huzuia mwanga huo usifike chini. Kama isingeuzuia, ungetudhuru. Kizuizi kinachotuhifadhi hai ndicho kinachotufumba macho. Hapakuwa na njia nyingine ila kupandisha darubini juu ya hewa.

Spitzer alikuwa amelipendekeza jambo hilo kwa maandishi mwaka 1946, miaka 11 kabla binadamu hajarusha hata setilaiti moja. Mwaka 1972 ilirushwa darubini ya urujuanimno aliyoiongoza yeye, ikapewa jina la Copernicus, yule kanoni wa kanisa kuu la Frombork huko Poland aliyefundisha kwamba dunia hulizunguka jua. Mwaka 1990 ikarushwa darubini ya Hubble, na mwaka 1999 ikafuata nyingine iitwayo FUSE iliyofanya kazi hadi 2007. Spitzer alifariki mwaka 1997. Chombo kilichokuja kuijibu hoja yake kwa wingi, kiitwacho COS, kilifungwa ndani ya Hubble na wanaanga waliokuwa wakielea nje ya chombo chao, mwezi Mei 2009. Kutoka pendekezo hadi chombo ni miaka 63. Sisi tuliosubiri bati la kanisa kwa miaka minne, tukanung'unika, tuna la kujifunza hapo.

Sasa nije kwenye kipimo chenyewe, kwa sababu hapo ndipo hoja yangu ya mimbarini ilipovunjika. Kundi la watafiti lililoongozwa na Jason Tumlinson lilitangaza mwaka 2011 matokeo ya galaksi 42, kila moja ikiwa na kwasa yake nyuma. Walitafuta oksijeni iliyonyang'anywa elektroni tano kati ya nane ilizo nazo, hali ambayo mara nyingi huashiria joto la nyuzi kama 300,000. Galaksi 30 zilikuwa bado zinazaa nyota. 12 zilikuwa zimekoma kuzaa. Katika zile 30, oksijeni hiyo ilipatikana kwa 27. Katika zile 12, ilipatikana kwa 4 tu. Ilienea zaidi ya miaka ya nuru 400,000 kutoka galaksi zinazozaa nyota, na uzito wake, kwa uchache, ulikuwa wa jua letu mara milioni 10 kwa kila galaksi.

Nilizitazama namba hizo kwa muda mrefu. Kilichonigusa hakikuwa ukubwa wake. Kilichonigusa ni kwamba jibu lingeweza kuwa jingine. Wangeweza kupata 3 kati ya 30. Wangeweza kupata sawasawa katika makundi yote mawili. Spitzer angeweza kuonekana amekosea mbele ya watu wote. Waliuliza swali ambalo mbingu zilikuwa na uhuru wa kulijibu hapana, nao wakakubali kusubiri jibu. Mimi mimbarini sikuwa nimeuliza swali lolote.

Aidha, kijana hakunificha mipaka ya kazi hiyo. Kwa galaksi nyingi kuna kwasa moja tu nyuma yake, na hivyo mshale mmoja tu wa mwanga. Ni kama mnunuzi wa mahindi achomekaye bambo mara moja katika gunia, akatoa punje kiganjani, akaamua bei ya gunia zima. Akichoma magunia mengi atajua hali ya mavuno. Hawezi kuapa juu ya gunia moja. Ndiyo maana nilipenda habari ya Andromeda. Hiyo ni galaksi kubwa jirani yetu, iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5. Kuanzia Oktoba hadi Desemba, kama hakuna mbalamwezi wala mawingu, mnaweza kuiona upande wa kaskazini kwa macho matupu, kama alama hafifu ya moshi. Kwa kuwa ipo karibu, joho lake la gesi limetanda sehemu kubwa ya anga, na nyuma yake kuna kwasa nyingi. Mwaka 2020 watafiti wakiongozwa na Nicolas Lehner walitangaza kwamba wamelichoma bambo mara 43. Walikuta gesi ikienea hadi miaka ya nuru milioni 1.3 kutoka galaksi yenyewe, na kwa upande mwingine hadi milioni 2. Kama galaksi yetu nayo ina joho la ukubwa huo, basi majoho ya majirani hawa wawili yamekwisha kugusana.

Lakini si majoho yote hudumu. Upande wa kusini tunaliona Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo iliyo jirani na yetu. Vipimo vilivyotangazwa mwaka 2022, kwa kutumia kwasa 28, vilionyesha kwamba nayo ina joho lake la gesi. Na vingine vya mwaka 2024 vilionyesha kwamba limebaki dogo, kwa kuwa katika kupita karibu na galaksi yetu kubwa limevuliwa sehemu yake nyingi. Lakini kilichobaki kinatosha kuendelea kuzaa nyota.

Gesi hii ni ya nini basi? Ndiyo ghala ya galaksi, na ndiyo jalala lake pia. Nyota huzaliwa kutokana na gesi, na galaksi kama yetu, kama isingeongezewa, ingemaliza akiba iliyo ndani kwa miaka bilioni chache tu, ilhali imekwisha kuishi zaidi ya bilioni 10. Inalishwa kutoka nje. Nyota kubwa zikifa kwa mlipuko, hutupa nje oksijeni na vinginevyo vilivyopikwa ndani yake. Molly Peeples na wenzake walipiga hesabu mwaka 2014 wakaona kwamba, kati ya elementi zote nzito zilizotengenezwa na nyota za galaksi kama hizi, ni asilimia 20 hadi 25 tu zilizobaki ndani. Nyingine zilitoka. Baadhi hurudi baadaye, zikawa nyota mpya na sayari mpya.

Na zile galaksi zilizokoma kuzaa? Nilitarajia kuambiwa kwamba zimekauka. Sivyo. Vipimo vya mwaka 2012 vilionyesha kwamba nyingi kati yake bado zimezungukwa na gesi baridi ya haidrojeni. Chakula kipo mlangoni, haziingizi. Kwa nini, wataalamu bado wanabishana. Nilikuwa nimekwisha kuanza kulitafutia fumbo jambo hilo, kalamu mkononi, kijana akaniangalia. Nikaiweka kalamu chini.

Jioni ya tatu alinionyesha kazi ya hivi karibuni, ya mwishoni mwa mwaka 2024, iliyofanywa kwa chombo kile kile cha COS. Safari hii walitafuta kaboni, wakaikuta mbali kufikia karibu miaka ya nuru 400,000 nje ya galaksi zinazozaa nyota. Watafiti wanasema kwamba huenda sehemu kubwa ya kaboni iliyo katika miili yetu iliwahi kukaa nje ya galaksi hii, katika gesi ile nyembamba, kabla ya kurudi na kuwa sehemu ya jua letu na dunia yetu. Kaboni ndiyo iliyo katika mkaa wa jikoni. Ndiyo iliyo pia katika weusi wa yale majivu ninayowapaka Jumatano ya Majivu. Nimewaambia mara nyingi kwamba u mavumbi wewe. Sikujua kwamba mavumbi yenyewe yana safari ndefu hivyo. Hilo nalitaja kwa sababu lilinifurahisha. Silitaji kama ushahidi wa chochote.

Hapo ndipo ilipo toba yangu, ndugu wapendwa. Nilipolinganisha gesi ile na imani yetu, nilidhani naitetea imani. Kwa kweli niliwakosea watu wa pande zote mbili. Niliwakosea waliofanya kazi miaka 63 ili wasilazimike kuamini tu. Nami niliikosea imani, kwa maana niliifanya ionekane kama makisio ya jambo ambalo bado halijapimwa, kana kwamba siku moja chombo bora zaidi kitapanda juu ya hewa na kutuletea mstari mweusi wa Mungu. Simtegemei Mungu kwa namna hiyo, wala ninyi hamumtegemei hivyo. Mama anayesali usiku kwa ajili ya mtoto mgonjwa hafanyi kipimo. Anamwita mtu anayemjua.

Kabla hajaondoka, nilimuuliza kijana kama atarudi Misani likizo ijayo. Alikawia kujibu. Akasema: "Baba, nilikuwa nimeamua nisirudi. Sasa sijui." Sikumsukuma. Alifunga kompyuta yake, tukatoka nje. Umeme ulikuwa umekatika kijiji kizima, na anga lilikuwa jeusi kweli kweli. Alinionyesha lilipo Wingu Kubwa la Magellan, chini upande wa kusini, nami nikasema nimeliona. Akanikazia macho gizani: "Kweli umeliona, Baba, au unasema tu?" Ilinibidi nikiri kwamba bado. Akanielekeza tena, polepole, kutoka nyota hadi nyota, mpaka nikaliona.

Dominika hii, kabla ya matangazo, nitasimama mahali pale pale niliposemea, niseme kwamba nilikosea. Nawaomba mliokuwepo muwaambie na ambao hawatakuwepo.

Nawatakia nyote juma lenye amani. Mniombee.

Padre wenu, Paroko